Lonchi kontroli kwenye giaboksi ya klachi mbili: hesabu joto kabla ya kuhesabu miruko

"Fundi, salamu kutoka Nakuru. Nina Golf GTI ya 2016 iliyotoka Japani, giaboksi ni DSG, ile ya klachi mbili, ya gia sita, na mita inasoma kilomita 84,000. Jumapili moja alfajiri tulikuwa watatu, kila mtu na gari lake, kwenye barabara ya Njoro, tukajaribu lonchi kontroli, ile programu ya kuondoka kwa kishindo. Nilifanya miruko mitano mfululizo. Mara ya sita gari lilikataa, kisha nikasikia harufu ya kuungua. Tangu siku hiyo naona linatetemeka nikiondoka mlimani, hasa nikipanda Sachangwan nyuma ya malori, ingawa sina hakika kama halikuwa likitetemeka hata kabla. Rafiki mmoja anasema lonchi kontroli ni sumu, ukifanya mara kumi giaboksi imekwisha. Mwingine anasema ingekuwa inaharibu, kiwanda kisingeiweka. Huyo wa pili ana Subaru otomatiki na hufanya kwa njia yake: anaweka N, anakanyaga mafuta mpaka injini inalia, kisha anatupa D. Fundi wangu wa hapa anashauri nimwage oili yote niweke ATF mpya, ile oili ya giaboksi za otomatiki. Tena nilikuwa na mpango wa kuongezewa nguvu kwa kompyuta mwezi ujao. Je, nimeua giaboksi? Niache kabisa? Na dada yangu anatafuta Golf ndogo ya 1.2, hiyo nayo ina mambo haya?"

Ndugu yangu, kwa haya uliyonieleza sidhani umeiua. Gari lililokataa mara ya sita ni gari ambalo kompyuta yake bado inajua kujilinda. Lakini katika barua yako kuna mambo mawili yaliyonitia wasiwasi kuliko ile miruko ya Njoro: huko kutetemeka mlimani, na huo ushauri wa ATF. Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla hatujaanza. Usimwage oili yoyote mpaka umalize kusoma.

Giaboksi yako ni kama giaboksi mbili zinazoishi nyumba moja. Klachi ya kwanza inabeba gia ya 1, ya 3, ya 5 na ya kurudi nyuma. Ya pili inabeba ya 2, ya 4 na ya 6. Shafti ya moja ina uwazi katikati kama bomba, na shafti ya nyingine inapita humo ndani. Ukiwa kwenye gia ya 2, gia ya 3 imekwisha kuingizwa upande wa pili inangoja zamu, na kubadilisha gia ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika. Ndiyo maana hulisikii gari likipumzika katikati ya gia. Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa nalo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Porsche wakalipeleka mashindanoni miaka ya 1980 kwenye magari ya 956 na 962, na mwaka 2003 Volkswagen wakaliweka kwenye Golf R32, gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Giaboksi yako, ambayo sisi mafundi tunaiita DQ250, ni ya ukoo huo wa 2003.

Sasa shika hili, maana mengine yote yanaegemea hapa. Ndani ya DSG mna klachi za kweli, sahani zinazosuguana, kama klachi za gari la manyua. Kilichoondolewa ni mguu wako wa kushoto tu. Kazi ya mguu ule imepewa mekatroniki, yaani kompyuta pamoja na vali zake, iliyolala ndani ya oili ya giaboksi. Unapoondoka, injini inazunguka na magurudumu yamesimama, na lazima pawe na mahali ambapo vitu hivi viwili vinasuguana mpaka mwendo wao ulingane. Mahali hapo ni klachi. Sugua viganja vyako kwa nguvu kwa sekunde kumi, utajua msuguano unazaa nini. Klachi hailiwi na kasi. Inaliwa na joto.

Lonchi kontroli haiongezi hata nguvu ya punda mmoja kwenye injini. Ni programu ya kuondoka tu. Unapunguza ulinzi wa kuteleza kwa kitufe cha ESC, unaweka gia kwenye S, yaani spoti, mguu wa kushoto unakanyaga breki kwa nguvu, wa kulia unakanyaga mafuta mpaka sakafuni. Injini inapanda kufikia mizunguko kama 3,200 kwa dakika na kukaa hapo. Ukiachia breki, mekatroniki inabana klachi haraka kadiri tairi zinavyoweza kustahimili. Dereva mzuri wa manyua hufanya hivyo hivyo kwa mguu, ila siku nyingine anakosea. Programu inarudia ile ile kila mara. Urahisi huo ndio uliofanya ipigwe marufuku kwenye Formula 1 mwaka 2004, maana ilikuwa imemnyang'anya dereva kazi yake.

Je, mruko mmoja unazaa joto kiasi gani? Hapa nataka tupige hesabu, kwa sababu watu wengi hubishana juu ya jambo hili bila namba. Injini ikishikiliwa kwenye mizunguko ile ile mpaka klachi ikamate kabisa, nusu ya kazi yake inalisukuma gari, na nusu nyingine inabaki kwenye klachi kama joto. Gari lako pamoja na wewe mna kama kilo 1,450. Kwa mizunguko 3,200 kwenye gia ya 1, klachi inakamata kabisa gari likiwa karibu kilomita 27 kwa saa. Joto linalobaki pale ni takriban kilojuli 40, na linaingia kwa muda wa kama sekunde moja na nusu. Ukitaka kuliona kwa macho, fikiria zile shawa za umeme za bafuni. Washa tano kwa pamoja, elekeza moto wao wote kwenye sahani zinazoingia ndani ya sufuria ndogo, kwa sekunde moja na nusu.

Unapoondoka kwa upole kwenye taa, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,200 hivi, joto ni kama kilojuli 6. Mizunguko ikiongezeka, joto halipandi sawasawa nayo, linapanda kwa mraba wake. Kwa hiyo mruko mmoja ni kama kuondoka kwa kawaida mara saba. Saba, si mia. Nadhani rafiki yako wa kwanza hakuwahi kuhesabu. Mtu anayetoka Lanet kwenda mjini asubuhi ya msongamano anaondoka mara hamsini kabla hajafika kazini, na klachi yake haijafa.

Tofauti ni kwamba zile hamsini zina nafasi katikati. Klachi zako zinaoga oili, na oili hiyo inapita kwenye kipoza joto kinachotumia maji ya injini. Ukiruka mara moja kisha ukaendesha, oili inachukua lile joto na kulipeleka nje. Ukiruka, ukageuza, ukaruka tena, ukageuza, kama mlivyofanya Njoro, joto la pili linalikuta la kwanza bado halijaondoka, la tatu linayakuta yote mawili. Sahani zinaanza kuiva, na oili iliyo katikati ya sahani ndiyo ya kwanza kuchoka. Kompyuta inakadiria joto la klachi wakati wote, na lilipofika mpaka wake ikakunyima wa sita. Haikuharibika. Ilifanya kazi yake, na usimruhusu mtu yeyote akufundishe ujanja wa kuipita.

Kuhusu harufu: GTI yako ina klachi za oili zilizofungiwa ndani, na harufu yake haifiki puani kwa urahisi mpaka mambo yawe mabaya sana. Kwa miruko mitano ya gari la magurudumu ya mbele, kwenye lami ya baridi ya alfajiri, mimi nashuku tairi kwanza. Tazama mashavu na nyuso za tairi za mbele ulinganishe na za nyuma. Hata hivyo oili ya DSG iliyoungua ina harufu yake, kali na chungu, na fundi atakayechomoa kidogo ataijua papo hapo. Hilo halikisiwi kwa barua.

Jambo ambalo hesabu yangu ya joto haionyeshi ni mshtuko, na hapa rafiki yako anayesema kiwanda kisingeiweka anakosea upande wa pili. Mruko unapiga kila kitu kilicho kati ya injini na lami: raba zinazoshikilia injini, hasa ile ya chini inayozuia injini kujipindua, jointi za CV, shafti, difu, na flaiwili yenye vipande viwili iliyo kati ya injini na giaboksi. Ukiona gurudumu la mbele linadunda badala ya kuvuta, toa mguu mara hiyo hiyo. Kule kudunda ndiko kunakovunja vyuma, kwa sababu gurudumu linashika, linaachia, linashika, mara kadhaa kwa sekunde, na kila linaposhika ni nyundo. Kitabu cha gari chenyewe kinasema wazi kwamba kuondoka kwa lonchi kontroli kunatwika sehemu zote mzigo mzito na kunaweza kuongeza uchakavu. Kiwanda kiliiweka, ndiyo, na kikaandika onyo. Nissan GT-R iliyotoka 2007 ilikuwa mfano mkubwa wa haya. Marekani, mwaka 2008, baadhi ya wenye magari waliizima VDC, yaani ulinzi wake wa kuteleza, wakaruka, wakavunja giaboksi, na ukazuka ugomvi juu ya dhamana. Baadaye Nissan walibadilisha programu ili gari liondoke kwa mizunguko ya chini zaidi. Wale walikuwa wahandisi walioijua kazi yao, na bado walilazimika kurudi mezani.

Ile ya N kisha D usiijaribu kabisa. Gari la rafiki yako lina otomatiki ya aina nyingine, na hata huko ni vibaya, lakini mwache kwanza. Kwenye DSG unachofanya ni kuiambia klachi ikamate injini inayolia bila kuipa programu ya kuondokea. Lonchi kontroli inabana kwa hesabu, ile inabamiza. Kama kompyuta ikikukatalia, shukuru.

Sasa twende Sachangwan, maana naamini ugonjwa wa gari lako unaanzia huko kuliko Njoro.

Unaijua barabara vizuri kuliko mimi. Kutoka Salgaa mpaka Mau Summit unapanda, mbele yako matrela matatu yanatambaa, yanasimama, yanasogea mita mbili, yanasimama tena. Wengi hufanya nini? Hawataki kukanyaga breki. Wanalishika gari kwa mafuta kidogo, lisirudi nyuma, lisiende mbele, likining'inia mlimani. Kwenye otomatiki ya zamani, inayotumia mzunguko wa oili badala ya klachi, unaweza kusamehewa kwa muda. Kwenye DSG gari limening'inia kwa klachi ya kwanza inayosuguana bila kupumzika. Tupige hesabu tena: mlima wa mita 6 kwa kila mita 100, injini kwenye mizunguko 1,000. Joto linaloingia kwenye klachi ni kama kilowati 2, mfululizo. Kwa dakika moja ni kilojuli 120. Hiyo ni sawa na miruko mitatu ya lonchi kontroli, na hukusikia kelele wala kishindo, ulikuwa unasikiliza redio tu. Fanya hivyo kila Ijumaa ukienda Eldoret, mwaka mzima, halafu niambie ni nani aliyeiumiza giaboksi.

Nimeyaona magari ya wazee wenye heshima zao, wasiojua hata kitufe cha ESC kiko wapi, yakifika kwangu Kisumu na klachi zimeliwa hadi mwisho. Nawauliza njia wanazopita. Jibu ni mlima na malori, karibu kila mara.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Acha nafasi. Lori likisogea mita mbili, wewe baki. Kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha. Ukigusa breki kidogo tu klachi bado inajaribu kusukuma, ukiikanyaga sawasawa mekatroniki inaifungua kabisa na msuguano unakwisha. Kama gari lako lina Auto Hold, inayoshikilia breki yenyewe ukisimama, iwashe kabla hujaingia mlimani. Ukipata mita kumi au kumi na tano wazi mbele, ondoka mara moja bila woga, klachi ikamate kabisa, kisha simama tena. Weka M, ya kuchagua gia mwenyewe, kwenye gia ya 1 ili isihangaike kuruka gia ya 2 na kurudi. Atakayepiga honi nyuma yako, mwache apige.

Kuhusu kutetemeka kwenyewe, kuna washukiwa wanne, na mwanzoni wanafanana. Wa kwanza ni oili iliyochoka. DQ250 inataka oili mpya na filta kila kilomita 60,000. Gari lako limefika 84,000 na lilitoka kwa mtu usiyemjua, kwa hiyo mpaka uone karatasi, chukulia haijawahi kubadilishwa. Wa pili ni raba ya chini ya injini. Hii ikichanika, injini inarudi nyuma na mbele unapoondoka, na mtu anaapa ni giaboksi. Ni ya bei nafuu kuliko vyote, ikaguliwe kabla ya kufungua chochote. Wa tatu ni kompyuta kupoteza kumbukumbu sahihi ya mahali klachi inapoanza kushika, jambo linalorekebishwa kwa kuifundisha upya kwa mashine bila kufungua hata skrubu moja ya ndani. Wa nne ni sahani zenyewe kuliwa au kuiva. Huyo wa nne ni ghali. Ndiyo sababu anakuja mwisho, na sikubali fundi yeyote aanze naye.

Na sasa ATF. Tafadhali usikubali. Namheshimu fundi wako, huenda ametengeneza otomatiki mia moja kwa ATF na zote zikatembea, lakini DSG ya klachi za oili inataka oili yake maalumu, iliyotungwa ili sahani ziteleze kwa kipimo na kushika kwa kipimo, huku ikilainisha gia na kusukuma vali za mekatroniki. Oili moja, kazi tatu. Ukiweka ATF ya kawaida, msuguano unabadilika, na gari linaanza kutetemeka kweli hata kama halikuwa likitetemeka. Nilipokea gari moja kutoka upande wa Kakamega lililofanyiwa hivyo kwa nia njema; tulilisafisha mara mbili kabla halijatulia. Tena kuna kosa la pili, la kipimo. Oili hii haipimwi kwa kijiti. Inapimwa gari likiwa limesimama sawa, injini inawaka, na joto la oili liko kati ya digrii 35 na 45, likisomwa kwa kompyuta. Inayoingia wakati wa kubadilisha ni lita 5 na kidogo. Anayekwambia "nitajaza mpaka itoke" bila kusoma joto, mshukuru, ondoka.

Mpango wa kuongezewa nguvu uahirishe. Injini yako inatoa Nm 350 za nguvu ya kuzungusha, na DQ250 imeundwa kwa kiwango hicho hicho cha Nm 350. Kwenye karatasi huna akiba. Najua kuna watu wanaoongeza na magari yao yanatembea, wahandisi huacha nafasi kidogo ambayo hawaiandiki, lakini wale makini hurekebisha programu ya giaboksi pia, ili klachi zibanwe kwa shinikizo kubwa zaidi. Kuongeza nguvu kwenye gari lenye oili ya umri usiojulikana na linalotetemeka mlimani, kisha kuruka nalo, hapo ndipo maneno ya rafiki yako wa kwanza yatakapotimia. Lingine la kwetu: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na turbo inachelewa kuamka kwenye mizunguko ya chini. Ndiyo maana gari linaonekana zito kuondoka huko kuliko linapokuwa Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi. Si ugonjwa. Wengi hukimbilia kuongeza nguvu kwa sababu ya kile kilicho hewani tu.

Kwa dada yako jibu ni tofauti, na mwambie asisome sehemu ya juu akadhani ni moja. Golf ya 1.2 ya kutoka Japani huja na DSG ya gia saba, DQ200, ambayo klachi zake ni kavu. Haziogi oili. Zinapoozwa na hewa iliyo ndani ya nyumba yao, na hewa hiyo Kisumu saa nane mchana haipoozi sana. Ilianza 2008, imeundwa kwa Nm 250, na ndiyo iliyoleta malalamiko mengi hata Volkswagen wakaita magari zaidi ya 380,000 nchini China mwaka 2013. Hilo si gari la kuruka, na kwa hilo hesabu yangu ya Sachangwan ni kali maradufu, maana hakuna oili ya kuchukua joto. Harufu ya klachi ya kweli atakuja kuisikia humo. Akilipata lililotunzwa na akajifunza kuacha nafasi nyuma ya malori, litamfaa, hasa kama anaishi kwenye tambarare. Ahakikishe amelijaribu kabla ya kununua, akiondoka polepole sana mlimani, kwa gia ya 1 na kwa kurudi nyuma, likiwa limepata moto. Kama linatetemeka hapo, aache.

Niache kabisa, umeuliza. Hapana, sikukatazi kutumia kitu kilichomo kwenye gari lako. Nakukataza barabara ya Njoro. Ile ni barabara ya watu: alfajiri kuna mama anayebeba maziwa, kuna bodaboda isiyo na taa, kuna mtoto anayevuka. Umezima sehemu ya ulinzi wa kuteleza, na magari mnayoshindana nayo yako pembeni. Sheria ya trafiki inakataza mashindano barabarani bila kibali, lakini hata isingekataza ningekuomba vivyo hivyo. Subiri siku ya wapenda magari iliyoandaliwa mahali palipofungwa, penye msimamizi na gari la wagonjwa. Ukifika huko, injini na giaboksi viwe vimepata moto kamili, endesha angalau dakika ishirini kwanza. GTI huonyesha joto la oili ya injini, ngoja lipite digrii 80. Usukani unyooke, lami iwe kavu na tambarare. Ruka mara moja. Kisha usisimame na usizime. Endesha kwa upole dakika kumi kwenye gia ya juu, klachi ikiwa imekamata kabisa, oili izunguke na kupoa. Mara mbili au tatu kwa siku nzima zinatosha kufurahi, na kwa gari la umri kama wa lako mimi nisingezidi hapo. Kabla ya lolote, huduma ya oili iwe imefanywa na kutetemeka kumeeleweka.

Kuna dalili ambazo ukiziona hupaswi kuniandikia tena, tafuta mtu mwenye mashine siku hiyo hiyo. Mizunguko inapanda lakini gari haliongezi mwendo. Gari linapoteza gia zote za shufwa au zote za witiri, maana yake nusu moja ya giaboksi imejitoa. Herufi za gia kwenye dashibodi zinawaka na kuzima. Gia ya nyuma inasita sekunde mbili tatu kabla ya kushika. Injini ikiwa inawaka tu bila kwenda unasikia mlio kama wa bati lenye kokoto ndani, ukizima unagonga mara moja. Hiyo ni flaiwili. Au oili chini ya gari asubuhi. Katika hali hizo usijikaze kufika nyumbani kwa kupanda mlima. Lori la kubeba gari ni nafuu kuliko mekatroniki.

Zisipokuwepo, una muda wa kuchagua fundi, na kumchagua anza kwa maswali matatu: una mashine inayoweza kusoma joto la klachi na kumbukumbu za giaboksi, si za injini pekee? Utatumia oili gani, nione kopo lake? Utapima ukiwa digrii ngapi? Akijibu bila kukasirika, hata akiwa kwenye kibanda cha mabati, mpe kazi. Mwambie aanze na kusoma kumbukumbu, kisha raba ya chini, kisha oili na filta, kisha kuifundisha klachi upya, kwa mpangilio huo, na oili ya zamani akuwekee kwenye chupa safi. Rangi yake na chembe zilizotulia chini zitanieleza mengi hata kwa picha.

Ukiamua kuja Kisumu kwangu, pita Mau Summit, Londiani na Kericho, na panda kwa namna niliyokueleza. Njoo jioni gari lilale hapa. Nataka kuliondoa mlimani asubuhi likiwa baridi, tulisikilize, kisha turudie mlima ule ule likiwa na moto. Tofauti ya hizo safari mbili ndiyo itakayonionyesha kama tatizo ni oili au ni sahani. Lete pia karatasi zozote za Japani zilizobaki ndani ya sanduku la dashibodi, hata kama huwezi kuzisoma. Mara nyingi kile kibandiko cha oili ya giaboksi kipo humo, na tarehe yake na kilomita zake zimeandikwa kwa namba tunazozijua sote.